Anajua chenji, anafeli hisabati

*Tafiti za Brazil, Liberia na Msumbiji zinaonyesha kuwa watu hukokotoa vizuri pale hesabu inapokuwa na kazi ya kufanya. Shule zetu zimeanza kuazima mifano ya mtaani. Njia za mtaani bado hazijaziazima.*

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mji wa Recife, kaskazini-mashariki mwa Brazil, watafiti walizunguka masokoni na kwenye kona za barabara wakijifanya wateja. Waliwafuata watoto waliokuwa wakiwasaidia wazazi wao kuuza matunda na vitu vidogovidogo. Mmoja aliuza nazi, moja kwa kruzeiro 35. Mteja akauliza: nne ni kiasi gani? Mtoto hakushika kalamu. Bei ya nazi tatu alikuwa nayo kichwani, 105. Akaongeza 30, ikawa 135, akamalizia na tano zilizobaki: 140. Sahihi.

Baadaye mtoto huyo alipewa karatasi yenye swali la 35 mara 4, bila nazi wala mteja. Akafuata alichofundishwa shuleni: nne mara tano ishirini, andika sifuri, beba mbili, mbili na tatu tano, tano mara nne ishirini. Jibu aliloandika likawa 200. Sokoni asingethubutu kumtajia mteja bei hiyo, maana angejua anamwibia. Kwenye karatasi ikapita.

Terezinha Nunes, Analúcia Schliemann na David Carraher walichapisha utafiti huo mwaka 1985. Watoto walikuwa watano tu, wa umri wa miaka 9 hadi 15, lakini matokeo yake yamejadiliwa na walimu wa hisabati duniani kote. Katika maswali 63 waliyoulizwa wakiwa kazini, walipata asilimia 98. Hesabu za aina hiyo hiyo zilipowekwa ndani ya maelezo ya maneno, wakapata kama asilimia 74. Zilipobaki tarakimu na alama tupu, wakaporomoka hadi asilimia 37. Mtoto ni yule yule na hesabu ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali ilipoulizwa, na njia ambayo mtoto aliona anatakiwa kuifuata.

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura hahitaji kusafiri mpaka Brazil kumwona mtoto huyo. Yuko gengeni kwa mama yake jioni, anapima dagaa, anafunga mkaa kwenye mfuko, anarudisha chenji bila kubabaika. Kesho yake asubuhi daftari lake la hisabati linarudi limejaa alama za kosa.

Kukopa kwa jirani asiye na kitu

Tuitazame hiyo chenji kwa karibu. Mteja amenunua vitu vya shilingi 6,800 na kutoa noti ya elfu kumi. Muuzaji hatoi wala hakopi. Anaanzia kwenye bei na kupanda: anaweka mia mbili mkononi mwa mteja, "elfu saba", kisha noti za elfu moja moja, "nane, tisa, kumi". Kazi imekwisha. Mteja amepata 3,200, na wote wawili wameihakiki hesabu kwa macho ilipokuwa ikifanyika.

Darasani hesabu hiyo hiyo inasimamishwa wima: elfu kumi juu, elfu sita na mia nane chini, mstari, kisha kutoa kuanzia kulia. Sifuri toa sifuri, mara mbili. Sifuri toa nane haiwezekani, kwa hiyo tunakopa kwa jirani. Jirani naye ana sifuri. Tunamruka kwenda kwa mwenye moja, tunarudi tukigawa makumi njiani, tunakata tarakimu na kuandika nyingine ndogo juu yake. Kila mwalimu wa darasa la tatu anajua kwamba hapa kwenye masifuri ndipo watoto wanapoanza kupotea.

Njia ya wima si mbaya. Ni fupi, inafanya kazi kwa namba za ukubwa wowote, na mtu akiielewa haimwangushi. Tatizo ni kwamba inaishughulikia kila tarakimu peke yake na kuuficha ukubwa wa namba nzima. Mtoto akiteleza hapati dalili yoyote kwamba ameteleza. Njia ya muuzaji hushika namba kubwa kwanza na vipande vidogo baadaye, kwa hiyo hata akikosea anakosea karibu na jibu. Mwanafunzi mwenye njia zote mbili angeweza kuitumia moja kuikagua nyingine. Kwa kawaida shule humfundisha ya wima na kumfanya aamini kwamba ya muuzaji si hisabati.

Imani hiyo nayo ni utamaduni, na ni utamaduni uliotengenezwa na shule. Wengi wetu tulikulia kwenye hesabu za kichwa za asubuhi, mwalimu mlangoni na fimbo mkononi: ukipata unaingia, ukikosa unanyoosha mkono. Tukafunzwa kwamba hisabati ni ya vipanga, kwamba jibu sahihi ni lile linalotoka haraka, na kwamba kuuliza "kwa nini" ni kuchelewesha wenzako. Mpaka leo mtu mzima anayeendesha duka lenye mzunguko wa mamilioni anakwambia bila haya, "mimi hesabu zilinishinda". Katika mtihani wa kidato cha nne nchini Tanzania, Hisabati imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa masomo yanayoangusha watahiniwa wengi kuliko yote. Nchi ya watu wanaokokotoa kutwa nzima inajiona haiwezi hesabu.

Seti zilipotua Entebbe

Ufa huu kati ya shule na mtaa una historia yake. Mwaka 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, na Marekani ikaingiwa na hofu kwamba shule zake zimeachwa nyuma. Wanahisabati wa vyuo vikuu wakaandika upya mitaala. Hisabati mpya, kama ilivyoitwa, ilianza na seti, miundo na kanuni za jumla kabla ya ukokotoaji wa kawaida.

Mataifa ya Afrika yalikuwa yanapata uhuru wakati huo huo, na yalitaka vitabu visivyonuka ukoloni. Kuanzia mwaka 1962, chini ya mradi uliosimamiwa kutoka Massachusetts, wataalamu wa Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Afrika walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya hisabati kwa ajili ya shule za Afrika. Walimu kutoka Afrika Mashariki walikuwamo. Nia ilikuwa njema, na baadhi ya walioshiriki walikuwa wanahisabati hodari. Lakini vitabu vilianzia kwenye kile ambacho mwanahisabati wa chuo kikuu anakiona kuwa msingi, yaani seti na alama zake, vikapelekwa kwa walimu waliopewa mafunzo ya muda mfupi, na kwa watoto ambao wengi wao hawakuwa na mtu nyumbani wa kuwaeleza mabano yale yalikuwa ya nini.

Wazazi walilalamika kwamba watoto wanachora miduara na hawajui kugawanya. Nigeria iliachana rasmi na hisabati hiyo mwaka 1977, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya nayo ikafanya hivyo. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja na mizigo mingi, lakini hakumuuliza mwenyeji anaumwa nini.

Hata hivyo, mradi ule uliacha swali lililozaa matunda. Mwaka 1964 mwanasaikolojia kijana wa Marekani, Michael Cole, alipelekwa Liberia kuchunguza kwa nini watoto wa Kikpelle wanapata shida na hisabati ya shule. Alishirikiana na John Gay, aliyekuwa akifundisha chuoni huko. Wangeweza kurudi na orodha ya mapungufu ya watoto. Wao wakaamua kuangalia Wakpelle wanapima nini katika maisha yao ya kila siku, na kwa ustadi gani.

Wakpelle ni wakulima wa mpunga, na mchele wao hupimwa kwa kopo. Gay na Cole waliweka mchele kwenye bakuli na kuwauliza watu ni makopo mangapi. Watu wazima wa Kikpelle, pamoja na wasiojua kusoma, walikisia karibu kabisa na kiasi halisi. Wamarekani wazima waliopewa jaribio hilo hilo walikosea kwa mbali. Kama mchele ungekuwa ndio mtihani wa akili, wenye shahada wangerudia mwaka.

Kitabu chao kilitoka mwaka 1967. Ni mwaka huo huo ambao Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akilalamika kwamba shule zinawatenga vijana na jamii zao na kuwafanya waamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Sijui kama waandishi hao waliwahi kusomana. Ila walikuwa wanagusa jipu moja.

Kamba mbili za Msumbiji

Aliyeibeba hoja hiyo mbali zaidi barani ni Paulus Gerdes, Mholanzi aliyehamia Msumbiji baada ya uhuru wa mwaka 1975, akafundisha Maputo na kubaki huko mpaka kifo chake mwaka 2014. Kazi yake ilikuwa kuandaa walimu wa hisabati katika nchi iliyoachiwa na Wareno wasomi wachache mno. Aliwakuta wanafunzi walioamini kwamba hisabati ni kitu cha Wazungu. Hakuwahubiria. Aliwapeleka kwa wafuma vikapu na wajenga nyumba.

Huko Msumbiji, mtu anayetaka kuweka msingi wa nyumba ya mstatili bila vifaa vya kupimia pembe anaweza kuchukua kamba mbili zenye urefu sawa. Anazifunga pamoja katikati kabisa, kisha anazivuta mpaka zinyooke na kupigilia kigingi kwenye kila ncha. Ncha nne ndizo kona nne za nyumba, na kila kona ni pembe mraba. Akitaka nyumba nyembamba anazibana kamba. Akitaka pana anazifungua. Kila mara anapata mstatili.

Gerdes aliwauliza walimu wake watarajiwa: kwa nini haishindwi kamwe? Hapo ndipo somo lilipoanza. Kamba ni mishazari. Mishazari ikiwa sawa na ikikatana katikati, umbo haliwezi kuwa kitu kingine ila mstatili. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha hilo kwa pembetatu pacha, hatua kwa hatua, kama kitabu chochote cha jiometri kinavyodai. Mjenzi amempa kanuni inayofanya kazi. Darasa limempa sababu ya kanuni hiyo. Mafundi wetu wa ujenzi wana ya kwao: hupima tatu upande mmoja, nne upande wa pili, na kuhakikisha kamba ya mshazari inasoma tano. Wengi waliifahamu kazini kabla ya kukutana na jina la Pythagoras, au bila kukutana nalo kabisa.

Gerdes aliandika pia kwa kirefu kuhusu sona, michoro ya mchangani ya Wachokwe, watu wanaoishi Angola, Congo na Zambia. Mchoraji hupiga vidole mchangani kupata safu za nukta zilizopangwa vizuri, kisha huanza kuzizungushia mstari unaokwenda mshazari na kugeuka kila unapofika pembeni, huku akisimulia hadithi. Sifa kuu ni kuumaliza mchoro wote bila kuinua kidole.

Je, inawezekana kila mara? Jaribu mwenyewe. Kwa mchoro unaofanana na ufumaji wa mkeka, ukiwa na safu tano kwa sita, mstari mmoja unafunika nukta zote na kurudi ulikoanzia. Ukiwa na safu nne kwa sita, unajikuta umerudi ulikoanza na nukta nyingine bado hujazizunguka. Unahitaji mstari wa pili. Tatu kwa sita, mistari mitatu. Namba ya mistari ni Kigawo Kikubwa cha Shirika cha pande mbili za mchoro, ile KKS ambayo watoto wetu huikariri shule ya msingi bila kuambiwa inafaa kwa lolote zaidi ya kurahisisha sehemu. Mtoto akishaona mistari inavyoongezeka, atataka kujua kwa nini, na swali hilo hakuna mwalimu anayeweza kumlazimisha mtu awe nalo.

Baraza, mirathi na mwaka wa bahari

Mwambao wetu una hazina yake. Chukua bao la Kiswahili: mashimo 32 katika safu nne za manane, kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Katika namu, hatua ya kwanza ya mchezo, huziingiza moja moja. Zikiisha, huanza hatua ya pili, mtaji. Mchezaji mzuri haanzi kutembeza kete kabla hajajua ya mwisho itaangukia wapi, itakula nini, na itaendelea mpaka wapi. Hahesabu shimo kwa shimo, maana macho yake yamezoea mafungu.

Lakini cha kutazama zaidi kwa mwalimu ni jinsi bao linavyofundishwa. Anayeanza hapewi sheria zote kwa siku moja. Anaketi pembeni, anatazama, anaanza na bao la kujifunza, ambalo kila shimo lina kete mbili na hakuna namu. Akikosea, kosa linaonekana hapo hapo ubaoni, baraza zima linacheka, na mtu mmoja anamrudishia kete na kumwonyesha. Anacheza tena. Hakuna anayeambiwa kwamba hana kipaji cha bao baada ya kushindwa mara tatu. Watu huchukulia kwamba ukikaa barazani vya kutosha utajua, na wengi hujua.

Hisabati nayo imeujenga utamaduni wa mwambao, na mahali inapoonekana wazi ni kwenye mirathi. Katika karne ya 9 huko Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu kilichoweka misingi ya aljebra, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Elimu hiyo imefundishwa madrasani Lamu, Mombasa na Unguja kwa vizazi, na kadhi anayeifahamu lazima awe stadi wa sehemu. Tuseme mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, na shilingi milioni 21. Kwa sheria ya Kiislamu, mume ana nusu na dada wana theluthi mbili. Nusu ni sehemu tatu za sita, theluthi mbili ni sehemu nne za sita. Jumla ni saba za sita: mali haitoshi.

Wanazuoni wa Kisunni walilitatua hilo kwa aul. Badala ya kumpendelea mmoja, asili ya hesabu hupandishwa kutoka sita hadi saba. Mume anapata tatu za saba, yaani milioni 9. Dada wanapata nne za saba, milioni 12. Kila mmoja amepungukiwa kwa kiwango kile kile. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayepambana na uwiano angeelewa haraka zaidi akiona kwamba uwiano ndio unaozuia ndugu wasigombane. Maana hapa hesabu inaamua nini ni haki, na familia nzima inaikubali.

Au chukua mwaka wa mabaharia. Kwa karne nyingi watu wa mwambao walihesabu mwaka wa siku 365 kuanzia Nairuzi, siku yake ya kwanza, wakaugawa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na kubaki na siku tano. Kwa miongo hiyo walijua lini kaskazi itakatika na lini vyombo virudi. Mpaka leo Makunduchi, Unguja, huadhimisha Mwaka Kogwa mwezi Julai. Kwa kuwa mwaka huo hauna siku ya ziada ya mwaka mrefu, husogea siku moja kila baada ya miaka minne. Baada ya miaka mingapi utakuwa umesogea siku 30? Ni swali la darasa la tano, jibu lake ni 120, na limebeba historia ya Bahari ya Hindi.

Tufaha likawa embe

Mitaala mipya ya Kenya, na ya Tanzania iliyoanza kutumika mwaka 2024, inasisitiza umahiri na mazingira ya mwanafunzi. Vitabu vimejaa daladala, mihogo na majina ya nyumbani. Ni hatua, lakini kazi bado. Ukichukua swali la zamani ukabadilisha matufaha kuwa maembe na John kuwa Juma, umebadilisha nguo tu. Juma bado anatakiwa kusimamisha namba wima, kukopa kwa sifuri, na kupiga mstari chini ya jibu. Njia anayoitumia gengeni haijaalikwa darasani. Wala mtu hanunui maembe 48 ili ayagawe sawasawa kwa marafiki sita. Mtoto anajua hivyo, na anajua pia kwamba swali halitaki ajue.

Upande wa pili kuna mtego mwingine, na wapenzi wa hisabati ya kitamaduni huuingia kwa furaha. Ni kudhani kwamba kwa kuwa muuzaji anajua chenji, amemaliza. Ubiratan D'Ambrosio wa Brazil, aliyeipa taaluma hii jina katika miaka ya 1970, hakumaanisha mtoto wa maskini abaki na bao huku mtoto wa tajiri akisoma kalkulasi. Hesabu ya mtaani ina mipaka, na mipaka hiyo inawagharimu watu pesa.

Ushahidi uko kwenye vipimo. Gay na Cole walieleza kwamba huko Liberia kopo la mfanyabiashara la kununulia mchele lilikuwa limegongwagongwa kwa ndani mpaka kitako kikatuna nje. La kuuzia halikuguswa. Kwetu hila hiyo tunaijua kwa jina la lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba mpaka likapita kipimo, na kwa ndoo za sado zilizopanuliwa kwa moto. Wakala wa Vipimo nchini Tanzania umepigana nayo miaka nenda miaka rudi. Mkulima anaona wazi kwamba chombo kimezidi. Asichokiona ni kimezidi kiasi gani.

Hapa ndipo somo la ujazo lingepaswa kuanzia. Mwalimu alete vyombo viwili vyenye umbo moja, kimoja kina kipenyo cha sentimeta 20 na kimo cha sentimeta 20, cha pili kina 22 kwa 22. Awaulize wanafunzi: mnunuzi akija na hiki kikubwa, mkulima anapoteza kiasi gani? Wengi watasema moja ya kumi, kwa sababu ndivyo macho yanavyosema. Kisha wajaze mchanga na wamimine. Watakuta kwamba vyombo vitatu vikubwa vinajaza karibu vinne vidogo. Mkulima aliyelipwa vyombo vitatu ametoa karibu vinne.

Ubaoni sasa kuna kitu cha kueleza. Upana wa kushoto kwenda kulia umezidi kwa moja ya kumi, wa mbele kwenda nyuma umezidi kwa moja ya kumi, kimo vilevile: 1.1 mara 1.1 mara 1.1 ni 1.331. Ziada ni karibu theluthi nzima. Hakuna uzoefu wa sokoni unaoweza kumfikisha mtu hapo kwa macho, wala kanuni ya ujazo iliyokaririwa haiwezi kumfanya aone kwamba hayo ni mapato ya baba yake. Mchanga na kanuni vikikutana, mwanafunzi huyo hatadanganywa tena na sado.

Kinachohesabiwa kwenye mtihani

Masomo ya namna hii hayahitaji maabara. Yanahitaji mwalimu anayeruhusiwa kuuliza "wewe umefanyaje?" na kusubiri jibu. Katika darasa la watoto themanini hilo si dogo, lakini linawezekana kwa makundi, na linawezekana zaidi kama mwalimu mwenyewe aliwahi kuulizwa hivyo chuoni. Linahitaji pia lugha. Mtoto wa Tanzania aliyeeleza hesabu zake kwa Kiswahili kwa miaka yote ya shule ya msingi ya serikali hujikuta kidato cha kwanza, ambako hufundishwa kwa Kiingereza, hana maneno ya kusema alivyofikiri, hivyo hunyamaza na kunakili. Ukimnyima mtu lugha ya kueleza njia yake, umebaki na jibu lake tu.

Na jibu tu ndilo tunalolipima. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi nchini Tanzania umejaa maswali ya kuchagua herufi, na herufi haisemi mtoto alifikaje. Mwalimu hupimwa kwa ufaulu, naye hufundisha kile kinachohesabiwa. Mtaala unaweza kuandika neno umahiri kwenye kila ukurasa. Karatasi ya mtihani ndiyo inayoamua nini kitafundishwa kuanzia Januari mpaka Septemba.

Kwa hiyo mageuzi yaanzie kwenye karatasi hiyo. Swali moja tu kwa kila mtihani lingetosha kuanzia: toa 6,800 katika 10,000 kwa njia mbili tofauti, na ueleze kwa nini zinatoa jibu moja. Au: mnunuzi analeta chombo hiki, mkulima anapoteza kiasi gani, onyesha ulivyojua. Swali likishatoka mwaka mmoja, mwaka unaofuata kila shule nchini italifanyia mazoezi, maana hakuna anayejua kufuata mtihani kama mwalimu wa Afrika Mashariki. Vituo vya masomo ya ziada vitalichapisha, wazazi watalidai, na yule mtoto wa gengeni atagundua kwamba tayari ana nusu ya jibu.